Kikosi kipana cha karatasini: kisa cha mashabiki wa North Carolina, msimu wa 2022–23

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kikundi cha watu 14 wanaoishi jimbo la North Carolina, Marekani, wote wasemaji wa Kiswahili: Watanzania, Wakenya, na Wakongo waliotokea Bukavu na Uvira. Kila mwezi tunakutana kwa ajili ya upatu. Kuanzia Novemba hadi Machi tunakutana mara nyingi zaidi, kwa sababu ya timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill. Majina ya wanakikundi, mji tunaokutania na kiasi cha fedha nimeviondoa. Habari za timu ni za hadharani, nimeziacha kama zilivyo. Ile karatasi utakayoisoma humu niliiandika mimi, kwa hiyo sehemu kubwa ya makosa ni ya mkono wangu.

Nimeandika kwa sababu kila ikifika Oktoba nasikia maneno yale yale kuhusu chuo hiki au kile, na hata nyumbani kabla ligi haijaanza: safari hii tuna kikosi kipana, yaani benchi lenye wachezaji wengi wa akiba.

Usuli: usiku wa New Orleans

Bila msimu wa 2021–22 hutaelewa matumaini yetu yalitoka wapi. Hubert Davis alikuwa katika mwaka wake wa kwanza kama kocha mkuu, baada ya Roy Williams kustaafu Aprili 2021. Januari 2022 Dawson Garcia, mmoja wa wachezaji warefu, aliiacha timu akaenda kuwa karibu na familia yake, na mlinzi wa akiba Anthony Harris naye akakosekana. Kocha akabaki na watano aliowaamini: Armando Bacot, Brady Manek, Leaky Black, Caleb Love na RJ Davis. Watu wakawaita Watano wa Chuma. Waliingia mashindano ya taifa wakiwa wamepangwa namba 8 tu katika kanda yao, wakawavua ubingwa Baylor kwa 93–86 katika muda wa nyongeza, kisha Aprili 2, 2022 wakawatoa Duke, mahasimu wetu wa jirani, 81–77 kwenye nusu fainali mjini New Orleans. Hiyo ndiyo iliyokuwa mechi ya mwisho ya kocha Mike Krzyzewski. Sitausahau usiku ule. Jirani yetu Mmarekani alikuja kugonga mlango akidhani kuna msiba.

Siku mbili baadaye ikawa fainali na Kansas. Wakati wa mapumziko tuliongoza 40–25. Mechi ikaisha 72–69, kombe likaenda kwa Kansas. Bacot, aliyekuwa ameumia kifundo cha mguu dhidi ya Duke, alicheza akichechemea mpaka mguu ukamgeuka tena katika dakika ya mwisho. Puff Johnson, aliyetoka benchi na kufunga pointi 11, alitapika palepale uwanjani.

Tuliondoka sebuleni na tafsiri moja: hawa vijana hawakuzidiwa mpira, walizidiwa pumzi. Tungekuwa na watu watatu wa kuwapumzisha, kombe lingekuwa letu. Inawezekana tafsiri hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini kuanzia usiku ule hatukuwa tena watazamaji wa kawaida, tulikuwa watu wanaotafuta benchi.

Chuo hiki kina historia inayolisha hamu ya namna hiyo. Kocha Dean Smith, aliyeongoza timu kutoka 1961 hadi 1997, aliwafundisha wachezaji kunyanyua ngumi wanapochoka. Mwenye kunyanyua ngumi anatolewa, na akishapumua anaomba mwenyewe kurudi. Alikuwa pia na kikosi cha pili kilichoitwa Blue Team, wachezaji watano wa akiba wanaoingia kwa pamoja kwa dakika mbili tatu, wakimbize kila kitu, kisha watoke. Wazee wa hapa wanasimulia habari za Blue Team kama sisi tunavyosimulia timu za ujana wetu. Ukiishi miongoni mwao miaka kumi, unaanza kuamini kwamba benchi pana ni haki ya Chapel Hill.

Mfuatano wa matukio

Kati ya Aprili na Juni 2022 habari zilikuja moja baada ya nyingine, zote nzuri. Bacot alitangaza kurudi. Love na RJ Davis wakarudi. Black akautumia mwaka wa ziada uliotolewa kwa wanamichezo wa vyuo kwa sababu ya korona. Manek alikuwa amemaliza muda wake, na pengo lake likazibwa na Pete Nance kutoka Northwestern, mrefu, mwepesi wa kutoa pasi. Seth Trimble, Tyler Nickel na Jalen Washington walikuja kama wachezaji wa mwaka wa kwanza.

Julai nikaandika ile karatasi. Nilichora safu tano, safu moja kwa kila nafasi, na chini ya kila jina la kwanza nikaweka la pili, na pale lilipopatikana, la tatu. Juu walikaa Davis, Love, Black, Nance na Bacot. Chini yao wakaja Trimble, D'Marco Dunn, Puff Johnson, Dontrez Styles, Nickel, Justin McKoy na Washington. Majina 12. Tukaibandika kwenye friji ya nyumba tunayokutania, na kila aliyekwenda kuchukua maji aliisoma.

Oktoba timu ikatajwa ya kwanza nchini katika orodha ya timu 25 bora ya shirika la habari la Associated Press (AP). Mwisho wa mwezi huo ikacheza mechi ya kujipima nguvu na Johnson C. Smith, chuo kidogo cha Charlotte, ikashinda kwa zaidi ya pointi 50, na benchi likapata muda mrefu wa kucheza. Usiku ule nilichukua kalamu nyekundu nikaweka nyota kwenye majina manne ya chini.

Katika kikundi chetu yumo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyefundisha kikapu shule za sekondari Tanzania na kupeleka timu UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Kijana mmoja alimvuta mpaka kwenye friji.

"Shikamoo Mwalimu. Hebu tazama hapa, watu 12!"

"Marahaba." Akavaa miwani, akasoma majina yote taratibu, kidole kikiteremka pamoja na macho. "Mwanangu, hawa wanaoingia nimewaona. Anayetoka ni nani?"

"Anatoka aliyechoka, Mwalimu."

"Na aliyechoka akiwa Bacot?"

Kijana akacheka, mimi nikacheka, chai ikamiminwa na mazungumzo yakahamia kwa Duke. Hakuna aliyelijibu swali lile.

Msimu ukaanza Novemba 7. Mechi nne za kwanza tulishinda zote, ingawa Gardner-Webb walitusumbua hadi mwisho, 72–66. Kisha ikaja Portland, Oregon. Novemba 24 tuliwafunga wenyeji Portland 89–81, kesho yake tukafungwa na Iowa State 70–65, na tarehe 27 tukacheza na Alabama mechi iliyokwenda nyongeza nne: dakika 60 za mpira badala ya 40, tukapoteza 103–101. Hiyo ilikuwa mechi ya tatu ndani ya siku nne. Siku tatu baadaye Indiana wakatufunga kwao 77–65. Desemba 4 tukaenda Virginia Tech bila Bacot, aliyeumia bega, tukafungwa 80–72. Desemba 5 orodha mpya ikatoka na jina letu halimo kabisa miongoni mwa timu 25.

Baadaye mambo yalitengemaa kidogo. Desemba 17 huko New York tuliwafunga Ohio State 89–84, baada ya Nance kusawazisha katika sekunde za mwisho na kuipeleka mechi kwenye nyongeza. Januari 10 tulikuwa Charlottesville kucheza na Virginia, Nance akiwa nje kwa maumivu ya mgongo, na mechi ikiwa ndiyo kwanza imeanza Bacot akaumia kifundo cha mguu akatoka moja kwa moja. Tukapoteza 65–58. Februari 1 Pittsburgh wakaja kwetu wakatufunga 65–64. Duke wakatufunga mara mbili, 63–57 kwao na 62–57 kwetu.

Maamuzi yetu na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa vuli: kuchukua fedha kutoka mfuko wa kikundi na kununua tiketi 14 za raundi za kwanza za mashindano ya taifa mjini Greensboro, Machi 2023. Hesabu yenyewe haikuwa ya kijinga. Wapangaji wa mashindano hujitahidi kuziweka timu bora karibu na nyumbani kwao. Greensboro iko kama kilomita 80 kutoka Chapel Hill, na ilikuwa miongoni mwa miji minane iliyopewa raundi hizo mwaka ule. Timu iliyoanza ya kwanza nchini, ikibaki hata ya kumi, ilikuwa na kila sababu ya kuja pale. Tulichoongeza sisi ni imani kwamba haiwezi kushuka chini ya hapo, kwa kuwa akiumia mmoja yuko wa pili. Karatasi ilitumika kama dhamana.

Uamuzi wa pili ulikuwa Desemba, baada ya vipigo vinne mfululizo. Wawili walitaka tuuze. Wengi tukasema tushikilie, na sababu niliyoitoa mimi, naikumbuka neno kwa neno, ni kwamba benchi bado halijatumika. Niliona dakika ambazo akina Styles na Dunn hawakucheza kama akiba iliyoko benki, itakayotolewa Februari.

Wa tatu ulifanyika usiku wa kipigo cha Pittsburgh. Tuliuza tiketi sita kwa bei ya chini kuliko tuliyonunulia, tukabakiza nane. Mwalimu ndiye aliyependekeza tuuze sehemu, si zote, ili wenye moyo wa kusubiri wasubiri kwa zao.

Matokeo

Machi 8 tuliwafunga Boston College 85–61 katika mashindano ya ACC, ligi ambayo chuo chetu kimo, yaliyochezewa ukumbi ule ule wa Greensboro. Kesho yake Virginia wakatutoa 68–59. Hesabu ya msimu ikafungwa kwa ushindi mara 20 na vipigo 13. Jumapili Machi 12 majina ya timu 68 yakasomwa, letu halikusomwa. Tangu mashindano yapanuliwe kufikia timu 64 mwaka 1985, hakuna timu iliyoanza msimu ikiwa ya kwanza katika orodha ya AP ikakosa kuingia kabla ya hii.

Ijumaa Machi 17 wanane wetu tulikwenda Greensboro. Mchana tuliwaona Kennesaw State, waliokuwa wanacheza mashindano hayo kwa mara ya kwanza katika historia yao, wakiongoza kipindi cha pili kabla Xavier hawajawakamata, 72–67. Baada yao walitoka uwanjani kupasha misuli Pittsburgh na Iowa State. Iowa State ndio waliotufunga kule mjini Portland. Pittsburgh walitufunga mara mbili, kwao Desemba na kwetu Februari. Tulikaa watu wanane, fulana za buluu ya mawingu zimefichwa ndani ya makoti, tukiwatazama waliochukua viti vyetu. Pittsburgh walishinda 59–41.

Msimu ulipokwisha wachezaji saba walihamia vyuo vingine, Love akienda Arizona. Katika wale saba wa chini kwenye karatasi yangu, watano waliondoka: Johnson, Dunn, Styles, Nickel na McKoy.

Uchambuzi

Kosa kubwa kuliko yote ni kuhesabu watu badala ya dakika. Mechi ya vyuo ina dakika 40, na uwanjani wapo watano. Zidisha: dakika 200, haziongezeki hata ukileta wachezaji 20. Wape wanne wa kwanza dakika 35 kila mmoja, ni 140. Mpe wa tano 30, ni 170. Zinabaki 30 kwa majina yangu saba, kama dakika nne kwa kila kichwa. Ndani ya dakika nne mtu hajatoa hata jasho la kwanza. Akikosa mtupo mmoja amekosa yote. Mwisho wa msimu ule watano wa kwanza walikuwa wamekula zaidi ya robo tatu ya dakika zote. Swali la Mwalimu lilikuwa hesabu hii hii kwa maneno mengine.

Tena hatukufikiria mazingira ya kocha. Televisheni husimamisha mechi ya vyuo mara nne katika kila kipindi, mpira unapokufa baada ya saa kupita dakika ya 16, 12, 8 na 4 kabla ya mwisho. Wachezaji wanapumua pale pale bila kutolewa, na kocha anaona hana haja ya kubahatisha na kijana wa mwaka wa kwanza. Ongeza kwamba watano karibu wale wale walimfikisha fainali. Kocha gani atamwambia Davis au Love akae ili mwingine ajifunze, huku timu inafungwa na macho ya nchi nzima yako juu yake? Ushindi ukiwa mwepesi benchi hupata nafasi, na ushindi wetu haukuwa mwepesi. Vipigo vya Novemba vilifunga mlango wa benchi, wakati mimi niliamini vitaufungua.

Kosa la Nance ni la aina nyingine, na nadhani ndilo watu wengi wanalorudia sasa hivi kwa kuwa wachezaji wanahama vyuo kwa urahisi tangu sheria ilegezwe 2021. Tulimwandika kama nyongeza. Hakuwa nyongeza, alikuwa badala. Manek aliondoka na mtupo wake wa mbali, alioupata kwa asilimia 40, na kwa ajili yake walinzi wa wapinzani walilazimika kutoka chini ya kikapu na kumwachia Bacot nafasi. Nance alikuwa na vipaji vyake halisi, lakini si kile. Msimu wa 2022–23 timu nzima ilipata mitupo ya pointi tatu kwa kama asilimia 31. Uwanja ukabana, na Bacot akawa anapigana na watu wawili kila mpira unapomfikia. Karatasi yangu ilikuwa na nafasi ya majina, haikuwa na nafasi ya kazi anayoifanya kila mtu.

Kipo kisa cha upande wa pili ambacho Watanzania wa kikundi chetu tulipaswa kukikumbuka kuliko yeyote. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu, alikuwa nguzo ya timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut. Februari ya mwaka ule timu ilimpoteza mlinzi Jerome Dyson kwa jeraha la goti, na bado ilifika nusu fainali ya taifa, ilikotolewa na Michigan State 82–73. Iliwezekana kwa kuwa Kemba Walker, mwaka wa kwanza, alikuwa ameshacheza dakika nyingi tangu Novemba. Alipohitajika dhidi ya Missouri alifunga pointi 23. Upana wa kikosi ulikuwa umeshatengenezwa kabla ya jeraha. Na Kentucky ya 2014–15, iliyoanza msimu kwa kubadilisha vikosi viwili vya watu watano watano, iliweza kwa sababu kocha alipanga hivyo tangu siku ya kwanza na wachezaji walikubali kugawana. Alex Poythress alipoumia goti Desemba mpango ule ulilegea, na bado walishinda mechi 38 kabla ya Wisconsin kuwafunga 71–64. Hayo ni maamuzi ya kocha, hayatokani na wingi wa majina.

Je, benchi letu lilikuwa bovu? Sikubali. Usiku ule wa Charlottesville, Bacot na Nance wakiwa nje, Jalen Washington aliingia akafunga pointi 13. Kijana alikuwa nazo. Ndiyo maana kisa hiki kinaniuma: hatukukosea kuhusu vipaji, tulikosea kuhusu nafasi ya vipaji hivyo kuonekana. Na ninapowaona waliohama wakicheza kwingine, siwalaumu hata kidogo.

Yaliyofanya kazi ni machache ila yalitusaidia. Kwanza, tuliandika. Bila ile karatasi ya Julai kila mmoja wetu angedai Machi kwamba alijua tangu mwanzo. Pili, kuuza tiketi kwa sehemu kulituokoa na ugomvi: waliotaka kutoka walitoka, na upatu ukaendelea bila mtu kumnunia mwenzake. Tatu, alikuwapo mtu aliyewahi kusimama pembeni ya uwanja akiamua nani atoke. Kushindwa kumsikiliza ni jambo letu.

Oktoba 2023 tulikaa tena mbele ya friji. Harrison Ingram alikuwa ametoka Stanford, Cormac Ryan kutoka Notre Dame, Elliot Cadeau alikuwa mwaka wa kwanza, na timu ilitajwa ya 19. Safari hii karatasi ilikuwa na safu mbili, jina na dakika, na chini kabisa Mwalimu aliandika 200 akaizungushia duara. Tulijaza kwa furaha, kila mtu akimtetea kijana wake, na tulipojumlisha tukapata 231. Mwalimu akanikabidhi kifutio.

"Haya, mwandishi. Dakika 31. Anza."